Pindo la blanketi limefanya marinda na kona zimenyanyuka: nipige pasi au nifumue?

*"Shikamoo mwalimu. Niko Kiboriloni, Moshi. Wifi yangu anatarajia kujifungua mwishoni mwa Juni, nami nimemfumia mtoto blanketi la kroshia kwa uzi wa akriliki rangi ya maziwa, sindano ya milimita 5. Lina mishono 105 kwa upana na mistari 66, yote mishono mirefu. Nikililaza kitandani linatoka sentimita 75 kwa 90, na katikati limenyooka vizuri. Tatizo ni pindo. Nimezungusha mishono mifupi: juu na chini nimeweka mmoja juu ya kila mshono, pembeni mitatu kwa kila mstari ili pasibaki mashimo, na kwenye kona mmoja mmoja. Sasa pande ndefu zinacheza kama gauni na kona zimenyanyuka. Nimeshafumua mara tatu. Jirani mmoja anasema nipige pasi litatulia, mwingine anasema sindano ni kubwa. Uzi umebaki nusu bonge. Nilitaka nimalizie na pindo lenye maua-maua, lakini nimeanza kukata tamaa, na vidole vya mkono wa kulia vinakufa ganzi usiku. Siku ya kwenda kumwona mzazi ukoo wote utakuwepo. Nifanyeje?"*

Marahaba, mwanangu. Kwanza nikutoe hofu: blanketi lako halijaharibika na mkono wako hauna kasoro. Mtu aliyefuma mistari 66 ikatoka imenyooka, na bado anaitaja mishono yake kwa idadi, huyo anajua kufuma. Kilichokukwamisha ni hesabu moja ambayo wengi wetu hatukufundishwa, kwa sababu tulianza na vitambaa vya makochi. Kitambaa cha kochi cha mviringo huanzia katikati kikaenda kikipanuka, hakina ubavu. Blanketi lina ubavu, na ubavu una masharti yake.

Unauliza mambo mawili yaliyoshikana: kwa nini pindo linacheza, na kama kuna namna ya kuliokoa bila kufumua mara ya nne. La kwanza nitakueleza mpaka lieleweke. La pili jibu litakuuma kidogo: fumua. Ila safari hii utafumua ukijua sababu, na utakaporudi kufuma utakuwa na idadi mkononi.

Pasi iache kabisa. Akriliki ni plastiki iliyovutwa ikawa uzi. Joto la pasi huilegeza, ule ubishi wake wa kujirudi ukiibonyeza hupotea, na ukishapotea haurudi hata ufue mara ngapi. Nilifanya hivyo kwenye blanketi la mtoto wangu wa kwanza, hapa Arusha. Niliweka kitambaa kibichi juu, nikapitisha pasi upande mmoja tu, mara moja. Upande ule ulilala, ukawa mwembamba na kuteleza, na ulibaki hivyo mpaka blanketi likachakaa. Iliniuma sana, kwa sababu nilikuwa nimelifuma miezi minne. Uzi wa pamba au wa sufu huvumilia mvuke, wako hapana. Na hata ungevumilia, pasi huondoa mikunjo. Wewe huna mikunjo, una wingi.

Chukua futi ya fundi cherehani tuhesabu pamoja. Mishono 105 imekaa kwenye sentimita 75, kwa hiyo kila mshono una upana wa milimita 7 na kidogo. Mistari 66 imekaa kwenye sentimita 90, kwa hiyo kila mstari una kimo cha karibu milimita 14. Mshono mfupi na mshono mrefu hukaribiana upana, tofauti yao ni kimo. Maana yake, pembeni mwa mstari mmoja panaingia mishono mifupi miwili, tena kwa kubanana kidogo. Wewe umeingiza mitatu. Mitatu mara 66 ni 198, na mishono 198 ikipangwa bega kwa bega inataka sentimita 141. Umeipa 90. Fundi akitaka sketi ya marinda hufanya hivyohivyo: huchukua kitambaa kirefu akakikusanya kwenye mkanda mfupi. Umeshona marinda bila kukusudia.

Idadi inayotakiwa pembeni ni 126, yaani sentimita 90 kwa upana wa mshono wako mwenyewe. Usiichukue namba hii kwa mtu mwingine, wala usimpe jirani yako. Ni ya mkono wako, uzi wako na sindano yako. Kwenye kanga pindo huchapwa pamoja na mji, kwa hiyo haviwezi kugombana. Pindo la kufuma huja baadaye, na lazima lipimwe kwa ule mji uliokwisha kuufuma.

Najua kwa nini uliweka mitatu: uliona mashimo ukataka kuyaziba. Hapo ndipo wengi huteleza. Shimo la pembeni haliletwi na uchache wa mishono, linaletwa na mahali unapochoma sindano. Ukipitisha sindano kwenye uwazi ulio kando ya mshono mrefu, ukaukumbatia mshono mzima, uwazi ule unavutwa na kuwa tundu. Badala yake choma mwilini mwa mshono wenyewe. Ulaze blanketi upande wa mbele ukikutazama, tafuta mshono mrefu wa mwisho wa mstari, uone jinsi nyuzi zake zilivyojisokota kama kamba. Ingiza mdomo wa sindano katikati ya kamba hiyo, uache nyuzi mbili juu ya sindano. Mshono wa kwanza uchome karibu na chini ya kamba, wa pili karibu na juu. Hutaona tundu, na hutahitaji wa tatu.

Sasa kona. Zimenyanyuka kwa sababu iliyo kinyume cha ile ya ubavuni: pale umeweka vingi mno, hapa umeweka vichache mno. Mfikirie mtu anayefuma kofia. Anaanza na kiduara bapa, na kila mzunguko anaongeza mishono ili kiendelee kulala. Akitaka kiwe kofia anaacha kuongeza, basi, ukingo unasimama wenyewe. Kona yako imeachwa bila nyongeza, ikafanya kile ambacho kofia hufanya.

Na nyongeza yake si ya kukisia. Ukizungusha blanketi kwa mshono mfupi mmoja, kila upande unarefuka kulia kwa kimo cha mshono mmoja na kushoto vilevile. Pande nne mara mbili ni nane. Kimo cha mshono mfupi kinakaribia upana wake, kwa hiyo kila mzunguko unadai mishono minane zaidi ya uliotangulia. Kona ni nne, basi kila moja ipewe miwili ya ziada. Ndiyo maana wafumaji huweka mishono mitatu kwenye tundu moja la kona: mmoja ni wake, miwili ni ya nyongeza. Uweke pini ya nepi kwenye ule wa katikati, kwa sababu mzunguko unaofuata mitatu mingine itaingia hapohapo, na ukiisogeza hata kwa mshono mmoja kona itaanza kupinda upande mmoja.

Yule jirani wa sindano kubwa ana nusu ya ukweli. Kwa pindo napenda kushuka nusu milimita, kutoka 5 hadi 4.5, kwa sababu ukingo huguswa na kuvutwa kuliko katikati na hupendeza ukikaza kidogo. Lakini hakuna sindano itakayomeza mishono 72 ya ziada kwa kila upande.

Kuna mtego mwingine ambao haujautaja, ila nauona kwa karibu kila binti anayejifunza kwa video. Waliofundishwa na wazee wetu kwa maneno ya Kiingereza cha Uingereza huita mshono mfupi "dabo". Kiingereza cha Marekani huuita "singo", na "dabo" yao ni ule mrefu, ambao Uingereza wanauita "trebo". Neno moja, mishono miwili, na kimo kinatofautiana karibu mara mbili. Kabla hujafuata maelezo ya mtu yeyote angalia sindano yake: akizungusha uzi kabla ya kuchoma, huo ni mrefu. Akichoma moja kwa moja, ni mfupi. Hilo halina lugha.

Basi ukae sehemu yenye mwanga, ufumue pindo lote. Uzi unaotoka utakuwa umejikunjakunja. Uuzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge mahali pawili usichanganyike, uulowanishe kwa maji ya uvuguvugu kisha uuache ukauke ukining'inia. Ukiufuma ukiwa umejikunja, mishono itatofautiana na utadhani umekosea tena.

Mzunguko wa kwanza, anza katikati ya upande wa juu, usianzie kwenye kona, maana kiungio kwenye kona huonekana. Juu na chini weka mmoja juu ya kila mshono. Pembeni weka miwili kila mstari, lakini kila ukifika mstari wa 11 weka mmoja tu. Kwa mistari 66 utakuwa umepunguza mara sita: 132 kutoa 6 ni 126. Kona, yaani mshono wa kwanza na wa mwisho wa juu na wa chini, weka mitatu. Ukimaliza mzunguko, laza blanketi mezani na usilivute. Upime katikati na upime ukingoni. Zikilingana, endelea. Ukiona upande wa chini, ule wa cheni ya kuanzia, umebana kuliko wa juu kwa sentimita moja au mbili, hilo ni la kawaida, cheni za mwanzo huwa ngumu. Pindo litausaidia kidogo tu, na mtoto hatalalamika.

Mzunguko wa pili ni uleule, mmoja juu ya kila mmoja, mitatu kwenye kona. Hapa sasa ndipo panapoamuliwa lile umbo unaloliita maua-maua. Nadhani unamaanisha yale yanayofanana na magamba ya kombe, mishono mirefu mitano inayotoka tundu moja. Ruka mishono miwili, weka mirefu mitano kwenye wa tatu, ruka miwili, weka mfupi mmoja, rudia. Umbo hilo hula mishono sita kila mara, kwa hiyo kati ya kona na kona panatakiwa idadi ambayo ukiongeza moja inagawanyika kwa sita. Baada ya mizunguko miwili, upande wako wa juu utakuwa na mishono 107 kati ya pini na pini. Ongeza moja, 108, inagawanyika sawasawa. Pembeni utakuwa na 130, unahitaji 131. Katikati ya kila upande mrefu weka miwili kwenye tundu moja, mara moja tu, na umeshapata. Anza kwa kuweka kombe la mishono saba kwenye kila kona, badala ya mitano, kwa sababu kona ina safari ndefu zaidi ya kuzunguka. Ukitoka kwenye kona, ruka miwili uanze na ule mfupi mmoja. Yatatoka makombe 80: 17 juu, 17 chini, 21 kila ubavu, na manne ya kona. Ukihesabu ukapata pungufu, usiendelee kwa kutumaini litajificha. Rudi ulitafute.

Je, nusu bonge litatosha? Nafikiri ndiyo, kwa sababu utarudishiwa na uzi wa marinda, lakini usiamini fikra zangu. Fuma mishono mifupi 20, ifumue, upime uzi wake. Kama umetoa sentimita 80, mzunguko wa mishono 470 utakula karibu mita 19. Fanya hivyohivyo kwa makombe mawili, uzidishe kwa 40, ujumlishe. Ukiona hautoshi, nakuomba usikimbilie soko la Mbuyuni kutafuta rangi ya maziwa inayofanana. Uzi uliotiwa rangi siku nyingine hutofautiana na wako kidogo tu, na kile kidogo huonekana kama doa. Chukua rangi tofauti kabisa, njano ya ndizi mbivu au kijani cha majani, ufumie makombe peke yake. Itaonekana ulikusudia, na kweli utakuwa umekusudia.

Wengine hununua sweta la mtumba kwenye soko la Memorial wakalifumua kupata uzi. Ni njia nzuri na mimi huitumia, ila kwanza choma kipande kidogo cha uzi juu ya sahani. Ukinuka nywele zilizoungua na ukabaki majivu yanayosagika, ni sufu. Ukiyeyuka na kuacha punje ngumu, ni akriliki au nailoni. Sufu kwenye blanketi la akriliki ni hatari ya siri: siku mtu atakapolifua kwa maji ya moto, pindo litasinyaa na blanketi litabaki na ukubwa wake, na hapo litakunjamana kama mfuko uliovutwa kamba.

Ungekuwa binti yangu na siku zimekubana, ningekushauri uache makombe ufanye mizunguko mitatu ya mishono mifupi, kisha mmoja wa mwisho wa mshono wa kaa. Ni mshono mfupi uleule, ila unarudi nao kutoka kushoto kwenda kulia, kinyumenyume. Hutoa ukingo uliosokotwa kama kamba nyembamba, hauhitaji kugawanya kwa sita, na kwa blanketi la mtoto naupenda kuliko pindo lolote. Ubaya wake ni mmoja: ni mgumu kufumua ukikosea, na mkono huuzoea polepole. Makombe yanapendeza zaidi machoni siku ya kwanza, sikatai.

Lolote utakalochagua, matamvua na matundu makubwa yaache. Vidole vya mtoto mchanga huingia popote, na uzi unaweza kujizungusha kidoleni mtu asione. Ncha za uzi usizifunge fundo ukakata. Zifiche kwa sindano ya kushonea, sentimita 10 kwenda kisha urudi njia nyingine, vinginevyo zitachomoka zikifuliwa. Na mwambie wifi yako kwa upole kwamba blanketi ni la kumfunika mtoto akiwa amepakatwa au akitolewa nje kwenye ile baridi ya Julai. Madaktari wa watoto wanashauri mtoto asiyetimiza mwaka asilazwe na blanketi lililolegea kitandani, kwa kuwa linaweza kumfunika uso. Siku mtakapompelekea mzazi mtori wake, maneno hayo yasemwe na wewe uliyelifuma, yatapokelewa.

Nimeacha vidole vyako mwisho lakini sivichukulii kidogo. Ganzi ya usiku kwenye vidole vya mkono unaofumia mara nyingi huja mshipa wa fahamu unaopita kwenye kifundo cha mkono unapobanwa. Kufuma saa nyingi umekunja kifundo huzidisha, na kufumua mara tatu kwa hasira huzidisha zaidi. Pumzika siku kadhaa. Ukirudi, fuma kwa vipande vya dakika 20, unyooshe mkono, uulegeze ule mshiko wa kukaba sindano. Ganzi ikiendelea baada ya mapumziko, au ukianza kuangusha vikombe, au kidole gumba kikawa dhaifu, usisubiri blanketi liishe. Nenda ukaonwe. Mko na hospitali za Mawenzi na KCMC hapohapo mjini, na jambo hili likiwahiwa huwa rahisi kutibika.

Kuna jambo moja nisiloweza kuliona kwa maandishi: jinsi unavyovuta uzi. Ikiwa umeweka 126 pembeni, mitatu kwenye kila kona, na mzunguko wa pili bado unacheza, basi mkono wako wa pindoni umelegea kuliko ule wa katikati, na hilo linahitaji mtu akae pembeni yako aangalie kidole kinachoshika uzi. Mtafute mama yeyote anayefuma vitambaa vya kuuza, umwombe nusu saa. Au siku ukija Arusha niletee. Uje na blanketi lenyewe, sindano zote mbili na uzi uliobaki, na usilifumue kabla sijaliona.